Chujio la Hewa la Bodaboda: Kuliboresha Bila Kuiua Injini

Mazungumzo yaliyotolewa kwa waendesha bodaboda, mafundi wa gereji na vikundi vya vijana wanaonufaika na mikopo ya halmashauri, mwanzoni mwa kiangazi



Mada ya leo inahusu kifaa ambacho abiria hakioni na ambacho mwenye pikipiki hukikumbuka mara chache: chujio la hewa, ambalo gereji nyingi huliita ea klina. Kifaa hiki ni kidogo na bei yake si kubwa. Hata hivyo, katika barabara za vumbi za nyanda za kati, ndicho kinachoamua kama pikipiki itamaliza mkopo wake ikiwa hai, au kama mkopo utabaki ukidaiwa huku pikipiki imelazwa gereji.

Hilo si jambo dogo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana huchagua pikipiki, kwa kuwa zinaanza kuingiza fedha siku ileile zinapoingia barabarani. Vijana wengine hupata pikipiki kwa mkataba na mtu binafsi, wakipeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka chombo kiwe chao. Katika hali zote mbili, injini ndiyo dhamana ya kweli. Injini ikifa katikati ya mkataba, hesabu haisubiri, na familia inayotegemea chombo hicho hupungukiwa siku hiyohiyo.

Sasa imeenea desturi ya kuzifanyia marekebisho pikipiki ndogo za cc 100 hadi 150. Wengine hubadilisha bomba la moshi, wengine huweka kabureta kubwa zaidi, na wengine hutanua silinda na kuweka pistoni kubwa. Rekebisho linalofanywa kwa wepesi kuliko yote ni la chujio la hewa. Kisanduku cha plastiki kinachokaa chini ya kiti hung'olewa, na mahali pake hufungwa chujio dogo la wazi lenye umbo la koni, lililobanwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Wapo wasioweka hata hilo koni. Hutoboa kisanduku matundu kwa kisu cha moto, au huondoa sponji na kuiacha kabureta ivute hewa kama ilivyo.

Wanaofanya hivyo wana sababu zao, na ni haki kuzisikiliza kabla ya kuwalaumu. Kwanza, pikipiki huwa na mngurumo mzito zaidi, na sikio huutafsiri mngurumo kuwa ni nguvu. Pili, sponji iliyojaa vumbi kweli huibana injini. Ikiondolewa, pikipiki huamka, na mwenyewe huamini kuwa tatizo lilikuwa kisanduku, kumbe tatizo lilikuwa uchafu. Tatu, injini iliyotanuliwa kweli huhitaji hewa nyingi zaidi kuliko ya kiwandani. Sababu hii ya tatu ndiyo yenye uzito, na ndiyo inayostahili jibu la kiufundi badala ya katazo tupu.

Ili jibu hilo lieleweke, inafaa kuangalia jinsi injini inavyopumua. Pikipiki hizi zina injini ya mikupuo minne, na kwa kila mizunguko miwili, pistoni huvuta hewa mara moja. Injini ya cc 150 inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta pumzi mara 3,000. Kila pumzi ikijaza silinda yote, hiyo ni hewa ya lita 450 kwa dakika moja, yaani zaidi ya madebe 22 ya lita 20. Katika matumizi ya kawaida silinda haijai kabisa, kwa hiyo kiasi hupungua. Lakini picha yake inabaki ileile. Kwa njia nyingine ya kuhesabu, petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kila lita ya petroli inayomiminwa kwenye tangi hudai takribani lita 9,000 za hewa, au zaidi katika maeneo ya mwinuko ambako hewa ni nyepesi. Hewa yote hiyo hupita kwenye chujio moja lenye ukubwa wa kiganja.

Hewa hiyo inabeba nini? Katika kiangazi, kuanzia mwezi wa Juni hadi mvua za Desemba, barabara za udongo hugeuka unga. Dereva anayefuata lori hupanda ndani ya wingu la vumbi kwa dakika kadhaa, tena akiwa amefungua mafuta ili alipite. Sehemu kubwa ya mchanga wa vumbi hilo ni madini ya silika, ambayo ni magumu kuliko chuma cha silinda. Chembe kubwa huonekana na kuanguka mapema. Zinazoleta msiba ni zile ndogo zenye upana wa takribani sehemu 5 hadi 20 za elfu za milimita, ilhali unywele wa mtu una takribani sehemu 70. Jicho haliwezi kuziona, lakini zinatosha kuingia katika nafasi nyembamba kati ya ringi na ukuta wa silinda, mahali ambapo kuna utando wa oili tu.

Vumbi likichanganyika na utando huo, oili huacha kuwa kilainisho na kuwa msasa wa majimaji. Ringi hulika, ukuta wa silinda huchanika mistari, na mgandamizo hupungua. Sehemu ya vumbi hushuka hadi kwenye oili iliyo chini ya injini, na kutoka hapo huzunguka mpaka kwenye beringi na kemshafti. Dereva haoni lolote mwanzoni. Baada ya muda huona oili ikipungua bila kuvuja, kisha moshi wa bluu asubuhi, kisha pikipiki inashindwa kupanda kilima na abiria mmoja. Hapo gharama huwa ni pistoni, ringi, kuchongwa kwa silinda, gasketi na siku za kukaa kijiweni bila chombo. Sponji mpya ingegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Kisanduku kinachong'olewa kina kazi zaidi ya moja. Kinashikilia chujio mahali palipojificha, mbali na matope ya gurudumu na maji ya mvua. Kinahifadhi hewa iliyotulia, ili kabureta isivurugwe na upepo wa mwendo. Kinapunguza kelele ya injini inapovuta. Na zaidi ya yote, kabureta ya kiwandani imepangwa ikifuata upinzani mdogo unaoletwa na kisanduku hicho. Jeti na sindano ya kabureta vilichaguliwa huku kisanduku kikiwa mahali pake.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kisanduku kikiondolewa, hewa huongezeka lakini petroli haiongezeki kwa kiasi kinacholingana nayo. Mchanganyiko huwa mwembamba, yaani hewa nyingi na mafuta machache. Injini ya kupozwa kwa hewa, kama zilivyo nyingi za bodaboda, hutegemea pia mchanganyiko wa kutosha ili isipate joto la kupita kiasi. Mchanganyiko mwembamba huchoma plagi, huunguza valvu ya moshi na, ukiendelea chini ya mzigo mzito, unaweza kutoboa kichwa cha pistoni. Dalili zake zinajulikana: pikipiki husita katikati ya mwendo, hupiga milio ya kupasuka kwenye bomba la moshi mafuta yanapofungwa, huchelewa kushuka kwenye mwendo wa kusimama, na plagi ikifunguliwa huonekana nyeupe. Basi yule aliyetafuta nguvu amepata mngurumo na joto, na nguvu imepungua.

Kuna kosa jingine ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kwenye injini nyingi hizi, kuna mpira mdogo unaotoa mvuke kutoka ndani ya injini na kuupeleka kwenye kisanduku cha chujio. Kisanduku kikiondolewa, mpira huo huachwa ukining'inia wazi. Injini ikipoa au ikizunguka polepole, mpira huo huweza kuvuta hewa ya nje, pamoja na vumbi, moja kwa moja hadi kwenye oili. Mtu anaweza kununua chujio zuri la kabureta na bado akaiua injini kupitia mpira huo. Anayeondoa kisanduku kwa sababu yoyote hana budi kuufunga mpira huo kwa kichujio kidogo chake wenyewe, na kukisafisha. Kuuziba kabisa ni kosa pia, kwa kuwa shinikizo likikosa njia husukuma oili kupitia sili.

Je, basi chujio haliwezi kuboreshwa? Linaweza, na ni vyema liboreshwe, lakini kwa mpangilio wa hatua.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa lililopo linaziba. Machujio mengi hayaharibiki kwa sababu ya sponji yenyewe. Vumbi hupita pembeni. Mfuniko wa kisanduku umekosa skrubu moja, mpira wa kuunganisha kabureta umepasuka, au kibano kimelegea. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji mashine. Ondoa chujio, funga kitambaa cheupe kidoleni na upanguse ndani ya mpira ulio upande wa kabureta, yaani upande ambao hewa imekwisha kuchujwa. Kitambaa kikitoka safi, chujio linafanya kazi. Kikitoka na unga wa rangi ya udongo, injini imekuwa ikila vumbi, na hakuna chujio jipya litakalosaidia mpaka tundu lipatikane na kuzibwa. Grisi kidogo kwenye ukingo ambao chujio hukalia husaidia kuziba na kukamata vumbi linalojaribu kupenya.

Hatua ya pili ni kuchagua kichujio bora kinachoingia katika kisanduku kilekile. Aina zinazopatikana ni tatu. Ya karatasi huchuja chembe ndogo vizuri sana, lakini hujaa haraka katika vumbi jingi na haifuliwi, ikilowa huharibika. Ya sponji iliyopakwa oili hubeba vumbi jingi kabla ya kuziba na hufuliwa mara nyingi, na kwa sababu hiyo inafaa sana katika barabara za vijijini. Ya pamba iliyowekwa kati ya nyavu na kupakwa oili hupitisha hewa kwa wepesi, lakini hudai usafi na oili yake maalumu. Ikiwa kavu, vumbi jembamba hupita. Kwa mwendesha bodaboda wa barabara ya udongo, sponji nene yenye tabaka mbili, ya nje yenye matundu makubwa na ya ndani yenye matundu madogo, ndilo boresho lenye faida kubwa kuliko gharama yake.

Koni za bei nafuu zinazouzwa madukani hudai uangalifu. Nyingine zina wavu wa chuma tu na kitambaa chepesi. Kipimo chake ni kuliinua koni kuelekea jua. Mwanga ukionekana ukipenya kwa vitone vilivyo wazi, vumbi nalo lina njia hiyohiyo.

Hatua ya tatu ni kwa yule ambaye injini yake imetanuliwa kweli, au ana kabureta kubwa zaidi. Huyu anahitaji hewa zaidi, na njia salama ni kuongeza eneo la kuchuja bila kuondoa ulinzi. Mdomo wa kisanduku unaoingiza hewa, ulio kabla ya chujio, unaweza kupanuliwa, ilimradi uelekee mahali pasiporushwa matope. Kisanduku cha pikipiki kubwa zaidi kinaweza kufungwa kama fremu inaruhusu. Jambo lisiloruhusiwa ni kutoboa upande wa pili, ulio kati ya chujio na kabureta. Tundu lolote pale ni mlango wa vumbi.

Kila hewa ikiongezwa, kabureta sharti ipangwe upya. Kabureta za aina ya PZ27, ambazo ni za kawaida kwenye pikipiki nyingi zinazotengenezwa China, zina sindano yenye mikato kadhaa ya kushikilia klipu. Klipu ikishushwa mkato mmoja, sindano hupanda, na mafuta huongezeka katika mwendo wa kati. Ikiwa injini inasita mafuta yakiwa yamefunguliwa yote, basi jeti kuu ndiyo ya kubadilisha, na hubadilishwa hatua moja moja kwa kufuata namba zake. Fundi asiruke namba tatu kwa pamoja. Baada ya kila badiliko, pikipiki iendeshwe kwa mzigo, izimwe bila kuachwa ikizunguka mahali pamoja, na plagi ifunguliwe. Rangi ya chai ya maziwa ni njema. Nyeupe inaonyesha mafuta machache, na nyeusi yenye masizi inaonyesha mafuta mengi. Fundi anayeweka chujio la wazi bila kufungua kabureta wala plagi amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki atailipia mwenye pikipiki.

Baada ya kuboresha, linabaki suala la matunzo, ambalo ndilo lenye matokeo makubwa kuliko yote. Sponji haisafishwi kwa petroli. Petroli hulegeza gundi ya sponji na imekwisha kuwaunguza watu. Ioshwe kwa mafuta ya taa au maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ikaminywe kwa viganja bila kusokotwa, isuuzwe, na ikaushwe kivulini mpaka ikauke kabisa. Kisha imiminiwe oili safi, ikaminywe tena mpaka oili ienee kote na iliyozidi itoke. Oili iliyokwisha kutumika isitumike, kwa maana ina chembe za chuma na masizi ambayo ndiyo yanayokimbiwa. Sponji kavu hukamata mchanga tu na kuuachia unga upite. Sponji inayotiririka oili nayo huziba na kuinyima injini hewa.

Chujio la karatasi hugongwa taratibu ili vumbi lianguke, na hupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje. Upepo mkali wa kompresa ya kujazia matairi hutoboa karatasi, na tundu hilo halionekani kwa macho. Karatasi iliyotengenezwa ikiwa na oili haipulizwi kabisa, hubadilishwa.

Kuhusu muda, kitabu cha pikipiki hutoa umbali, lakini umbali huo umekadiriwa kwa matumizi ya kawaida, na vitabu vyenyewe huagiza matunzo ya mara kwa mara zaidi penye vumbi. Katika kiangazi, mwenye kwenda barabara za udongo kila siku afungue kisanduku kila wiki, aangalie, na kuosha kila inapohitajika. Kuwa na sponji mbili husaidia sana: moja ikikauka nyumbani, nyingine inafanya kazi, na hakuna siku ya hesabu inayopotea. Masika yakiingia, akague bomba dogo la chini ya kisanduku linalotoa maji, kwa kuwa likizibwa na matope, maji hubaki ndani.

Mwisho, kuna wajibu unaopaswa kugawanywa. Mwenye pikipiki anayepokea hesabu asimwachie dereva gharama ya chujio peke yake, kwani injini inayolindwa ni mali yake. Dereva naye asikubali kupokea chombo chenye kisanduku kilichotobolewa bila jambo hilo kuandikwa katika mkataba. Akinyamaza, siku injini itakapokufa ataambiwa ni yeye aliyeiua. Vikundi vinavyopata mkopo wa halmashauri vingefaidika kuweka katika kanuni zao ukaguzi wa pamoja wa machujio, mara moja kila mwezi wakati wa kiangazi, wakitumia kitambaa cheupe kilichotajwa. Ukaguzi huo hauchukui nusu saa kwa kikundi cha watu watano, na humwonyesha kila mwanachama hali ya chombo cha mwenzake, ambaye deni lake ni deni la wote.

Vijana watakaotaka kujifunza upangaji wa kabureta kwa undani wanashauriwa kuulizia kozi fupi katika vyuo vya VETA vilivyo karibu nao. Ufundi wa kusoma plagi na kuchagua jeti ni ajira kamili katika eneo ambalo kila kijiji kina kijiwe cha bodaboda.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa injini ni mwembamba kuliko unywele, na unaonekana tu kwenye kitambaa cheupe. Kila mmoja aliyefika leo na pikipiki anaombwa kufungua kisanduku chake kabla ya kwenda kazini kesho asubuhi, na kukipima.